Basi la Khejdiyala

"Uhakiki wa Taarifa za Kijiji, Sehemu ya Nne (Usafiri), Kipengele cha Pili: Kuwapo au Kutokuwapo kwa Huduma ya Basi."

Ndivyo karatasi ilivyoanza. Mwalimu Hukmaram aliipokea asubuhi moja tulivu, darasa likiimba jedwali la saba. Kila sensa ikija, serikali huwaazima walimu wahesabu watu. Anayewaweza watoto watukutu, yaaminika, hashindwi na wazazi wao.

Sensa iliyopita aliandika "Lipo". Halikuwapo. Lakini kijiji chake cha Khejdiyala kilijaa vijana wasio na wake, maana hakuna baba katika jimbo la Rajasthan anayeoza binti mahali asipoweza kumfuata kwa basi. Basi la karatasini lilileta mabibi harusi. Serikali nayo, kwa kuheshimu maandishi yake, ikajenga kibanda cha kituo katikati ya mchanga.

Suwa alikuwa mmoja wa mabibi harusi hao. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, ada ilimtaka akajifungulie kwa mama yake. Mchana mmoja wa Mei, mwezi wa jua kali kuliko yote, alimkuta Hukmaram njiani. Mke wa mtu hasemi ovyo na mwanamume. Alinong'ona kutoka ndani ya ushungi.

"Mwalimu, basi linapita?"

Aibu ilimbana. "Kaa kibandani, binti yangu. Litakuja."

Wachunga mbuzi walimkuta jioni. Ameketi wima, midomo imekauka, uso kauelekeza barabarani. Watu walisema ni jua. Hukmaram naye akasema ni jua, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma, penye miiba.

Sasa alishika kalamu aandike "Halipo". Mwenyekiti wa kijiji, Pukhraj, akamsogezea chai.

"Andika, mwalimu, andika. Halafu mwanao Bhoma utamwoza ngamia."

"Mtu alikufa, Pukhraj."

"Aliuawa na jua. Jua lina kipengele humo?"

Wiki ile baba yake Gavri, msichana aliyeposwa na Bhoma, alikuwa aje kukamilisha posa. Hukmaram aliandika "Lipo".

Mgeni alifika mapema, kilemba chake hakina hata vumbi.

"Mkwe mwenzangu, basi lenu zuri. Tupu kabisa. Tulikuwa mimi na mama mmoja mjamzito, kajifunika gubigubi."

Hukmaram aliweka kikombe chini. "Alishuka wapi?"

"Hakushuka. Aliniuliza tu jina la binti yangu."

Alipomsindikiza mgeni kulala, alikwenda kibandani. Alama za matairi zilianzia mlangoni, zikaenda kidogo, zikakoma. Kuanzia hapo mchanga ulikuwa laini kama unga.

Hakusema. Angesema, posa ingevunjika.

Gavri akaolewa. Mimba yake ilipofika mwezi wa saba, Hukmaram alitandika ngamia aende mwenyewe mjini kukodi gari la jipu la kumpeleka kwa mama yake.

"Asitoke nje," alimnong'oneza mkewe.

"Atoke aende wapi, mzee? Kwa basi lako?"

Aliporudi na jipu, mkewe alikuwa uani akipepeta mtama.

"Umerudi tena? Si umeshamchukua?"

"Nani?"

"Mkweo. Nilisikia honi, nikajua jipu. Mwanamke mmoja akaja kumpokea mzigo wake. Mjamzito vilevile, maskini. Nikasema afadhali, wataliwazana njiani."

Hukmaram alikimbia. Viatu vilimtoka, hakuvirudia.

Kibandani hapakuwa na mtu. Upepo haukuvuma. Juu ya benchi la saruji vumbi lilikuwa limefutika mahali pawili, pamekaribiana.

Aliketi pale mpaka giza. Hakuna kilichopita.

Katika taarifa rasmi, basi la Khejdiyala bado lipo. Gavri aliondoka mchana kwenda kwa mama yake, na hakufika.