Laini Inayoitika

Rafiki yangu fundi saa, mtu asiyejua kutia chumvi, alikwenda duka la simu kufunga laini ya marehemu mkewe. Kadi yenyewe alikwisha kuikata kwa mkasi.

"Mbona bado iko hewani, babu?" karani akauliza. "Kadi ina namba ya ndani, siyo ile unayopiga. Mnara huiita, nayo huitika popote ilipo, mwenyewe asijue. Hii imeitika sokoni, na sasa inaitikia hapa."

"Nami nimetoka sokoni, mjukuu wangu."

"Basi bibi anakulinda, usije ukaongeza wa pili! Niifunge?"

Akafikiria nyumba ilivyo kimya. "Iache kwanza."

Aliondoka ameduwaa, hata akasahau simu yake mezani pa karani. Magharibi umeme ukakatika. Akawasha redio ya betri ili asikie sauti ya mtu, nayo ikakoroma tititi, tititi, kama redio zinavyokoroma simu iliyo karibu inapoitwa na mnara. Akaibeba gizani. Mlangoni ilitulia. Kila alipokisogelea kitanda ilizidi, na juu ya mto wa mkewe haikunyamaza tena.