Yule Aliyekuwa Nyuma ya Corinne

Jumamosi hiyo ya mwanzo wa Septemba ilikuwa zamu ya Corinne kufagia ngazi, lakini aliyeshika ufagio nilikuwa mimi. Nyumba yetu ilikuwa ya familia mbili, akina Hadley juu na sisi chini. Mwenye nyumba, Bibi Kreszenz, alikaa ng'ambo ya ua, kwenye nyumba iliyoungana na zizi lake. Kibao cha zamu hutundikwa mlangoni kwa mwenye wiki yake. Corinne alikiteremsha Ijumaa, akakitundika kwangu, akanikumbatia.

"Lorna, nakuomba, nifagilie tu. Tunakwenda Colmar, Ufaransa. Wade kapata ruhusa ya siku mbili!"

"Nendeni salama," nikamwambia. "Nawafurahia sana!"

Ndiyo kawaida yetu Wamarekani. Jirani akipata, unamwambia unamfurahia, na unamwonyesha meno yote thelathini na mawili. Moyoni nilikuwa nawaka. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kama kisa kilichompata jirani yangu, na kweli kilimpata. Ila sijawahi kusema mimi nilikuwa wapi.

Waume zetu waliletwa Allgäu, kusini mwa Ujerumani, na kiwanda kimoja, kufunga mashine za jibini, mkataba wa miaka mitatu. Wade kila alipopata nafasi alitupa mikoba garini akaondoka na mkewe na binti yao, Tess, wa miaka sita. Glen wangu ni mtu mwema, lakini Jumamosi yake ni sofa na marudio ya mpira wa kwetu Nebraska. "Ulaya ipo pale pale, mama, haihami," alikuwa akisema. Nami nilibaki nikisikiliza buti za Corinne zikishuka ngazi. Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu hata mafua yake, maana Wade alimchemshia limau.

Nilipomaliza kufagia niliketi kwenye kiti cha jikoni, dirishani, nikaanza kuiwaza Colmar. Usingizi ukanibeba saa saba mchana. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja. Miguu iliniuma kama ya mtu aliyetembea juu ya mawe, na mdomoni nilikuwa na ladha ya vitunguu na nyama ya moshi, nami sikuwa nimekula chochote.

"Nimekuita mara tatu," Glen akasema. "Ulilala fofofo."

Jumapili Corinne aliteremka na simu yake na keki, kunionyesha picha. Tess alinikalia magotini.

"Anti, mbona hukutusalimia?"

"Wapi, mpenzi?"

"Kule kwenye mfereji. Nilikupungia."

Corinne akaikuza picha kwa vidole. Nyuma yao, mbali, juu ya kidaraja cha maua, alisimama mwanamke mwenye koti la kahawia.

"Ama kweli duniani wawiliwawili!" Corinne akacheka. "Hata kusimama kwake, Lorna, mguu mmoja mbele kama wewe!"

Nikacheka naye. Walipopanda juu nilikwenda kulitazama koti langu nyuma ya mlango. Pindo lake lilikuwa limelowa.

Wiki mbili baadaye walikwenda Bruges, Ubelgiji. Safari hii nilikiendea kiti mwenyewe, mapema, nimenawa uso na kuchana nywele. Picha zilipokuja, mwanamke wa koti la kahawia alikuwa meza ya pili. Kwenye picha iliyofuata alikuwa amesimama nyuma ya Corinne, mkono wake juu ya kiti. Uso ulikuwa wangu. Hakuna aliyecheka.

"Bega hili limekufa ganzi tangu juzi," Corinne akaniambia kwa sauti ya chini. "Kama mtu kaniwekea barafu."

Nilimpaka dawa ya kuchua kwa mikono yangu. Na nitasema wazi: nilikuwa na furaha. Ulimini nilikuwa bado na chokoleti. Hapo nilijua. Sikuelewa, lakini nilijua, na badala ya kuogopa nilianza kuhesabu siku za kufika Jumamosi nyingine.

Mwisho wa Septemba ng'ombe waliteremshwa kutoka milimani. Majira ya kiangazi yakipita bila ng'ombe hata mmoja kufa huko juu, anayetangulia huvikwa taji kubwa la maua na matawi, na katikati ya taji huwekwa kioo kidogo. Wenyeji wanasema uovu ukijiona uso hukimbia. Mwaka ule hakufa hata mmoja. Barabara ilijaa watu, njuga zikilia mpaka vifua vinatetema. Corinne alisimama na Wade, Tess yuko mabegani kwa baba yake. Mimi nilikuwa hatua tatu kando yao, na Glen, anatafuna mkate na jibini.

Yule mwenye taji akafika mbele yangu, akasimama.

"Haya twende, bibi mkubwa!" mchungaji wake, mzee Alois, akamvuta. Ng'ombe akakita miguu. Akapuliza pua, akainamisha kichwa, na kioo kikanielekea.

Ndani ya kioo niliiona barabara. Nilimwona Glen, na mkate wake. Kando yake palikuwa patupu. Mimi nilikuwa hatua tatu mbali, nyuma ya Corinne, nimemwegemea, kidevu changu kimekaa juu ya bega lake.

Alois alitupia jicho kioo, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. Alimzungusha ng'ombe upande wa pili wa barabara.

Kesho yake Bibi Kreszenz aliniita zizini. Alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Alois kaniambia."

"Kakwambia nini?"

"Usinichoshe, binti. Mara ya kwanza hutazama. Halafu hugusa. Halafu husukuma."

"Nifanyeje?"

"Mwambie. Usoni. 'Corinne, nakuonea wivu.' Basi. Kijicho kikishatajwa hakina miguu."

"Bibi, mimi siwezi kusema kitu kama hicho."

"Ndiyo shida yenu nyie. Huku mtu akikuonea wivu anakwambia, 'Ng'ombe wako mnono kuliko wangu, mwizi mkubwa we!' Mnagombana, mnakunywa bia, yamekwisha. Nyie mnatabasamu. Mtatabasamu mpaka makaburini."

"Kaburini kwa nani?"

Sasa aligeuka. "Si kwako," akasema, akarudi kwenye ndoo yake.

Oktoba shule zilifungwa, na akina Hadley wakapanga safari ya upande wa Austria, kwenye korongo lenye daraja la waya. Corinne alikuwa amekonda. Bega lake alilifunga sufi hata ndani ya nyumba. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta kwenye ngazi, anamfunga Tess kamba za buti kwa mkono mmoja.

"Corinne, kuna kitu nataka kukwambia."

"Sema, mwenzangu."

Alininyanyulia uso. Alinitazama kwa upendo mtupu, yule mwanamke, na hilo nalo lilinichoma, kwamba hata wema alinizidi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Matatu tu. Nikaogopa atanionaje.

"Nawafurahia sana," nikasema.

Jumamosi niliapa kutolala. Nilikunywa kahawa kikombe baada ya kikombe. Kiti cha dirishani nilikitoa nje, nikakiacha uani. Nilifagia ngazi mara mbili, na haikuwa hata zamu yangu. Saa nane mchana simu ililia. Picha. Watatu wao mwanzoni mwa daraja, ukungu chini yao. Nyuma hapakuwa na mtu.

Machozi ya nafuu yalinilengalenga. Nimeweza, nikasema. Amepona. Kisha nikasoma maneno yaliyo chini ya picha: "Miaka kumi leo! Wade kanivisha pete mpya hapa hapa. Nimelia kama mtoto."

Nikaikuza picha. Nikaiona pete. Nikauona mkono wa Wade ulivyoushika mkono wake, kwa vidole vyote. Sebuleni Glen alikuwa anapiga kelele kwa goli la wiki iliyopita. Ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuikumbuka tarehe.

Nilitoka uani, nikakirudisha kiti ndani. Sikulazimishwa na mtu. Nikaketi.

Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Halafu ukawa chini yangu. Nilisikia maji. Nilisikia waya zinalia. Mbao zilikuwa na utelezi, na mbele yangu palikuwa na mgongo wa Corinne. Shali yake ya kijani. Hatua nne. Tatu. Wade alikuwa mbele na kamera. Tess alikuwa ameshika waya.

Nilikuwa na uwezo wa kurudi. Nataka ijulikane hivyo. Nilikijua kiti kilipo, nililijua dirisha.

Sikurudi.

Nilinyanyua mikono. Sufi ilikuwa ya baridi. Tess akageuka.

"Anti, usi—"

Nikaamka. Viganja vilikuwa na kutu ya waya.

Simu ililia kabla sijavinawa. Wade. Alikuwa ananong'ona.

"Lorna. Corinne kaanguka."

"Mungu wangu."

"Wavu wa pembeni umemdaka. Bega limevunjika. Yu hai." Akavuta pumzi. "Lorna, uko wapi?"

"Nyumbani. Jikoni."

Nilisikia maji nyuma yake, yale yale.

"Tess anasema kakushika mkono," akasema. "Anasema umechoka, huwezi kurudi mwenyewe. Anataka tukupakie garini."

"Wade, mwambie auachie."

"Nimemwambia."

"Mwambie tena! Msimpakie!"

"Lorna," akanong'ona, "kiti cha nyuma kimeshabonyea."

Simu ikakatika.

Corinne hakurudi tena nyumbani kwetu. Wade alikuja siku moja na watu wa kubeba mizigo, hakunitazama, na katikati ya Novemba walirudi kwao Ohio. Bibi Kreszenz alikitundika kibao cha zamu mlangoni kwangu, na hakuna aliyekuja kukitoa.

Tangu siku ile sijaona wivu. Hata chembe. Mwanzoni nilidhani nimepona, nikamshukuru Mungu. Masika Glen, sijui nini kilimwingia, alinipeleka Colmar. Tulikula mkate wao wa vitunguu, nao ulikuwa kama karatasi mdomoni. Alinishika mkono kwenye kidaraja. Niliutazama mkono wake kama unavyotazama mvua kwa jirani. "Umefurahi, mama?" akaniuliza. Nilitafuta ndani, nikatafuta sana, sikukuta mtu.

Barua imefika wiki hii. Ni ya Corinne, ameiandika kwa mkono, na kwa mara ya kwanza haina adabu hata kidogo.

"Lorna," ameandika, "nakuonea wivu. Sina namna nyingine ya kusema. Asubuhi Tess hataki nimsuke, anasema wewe humvuti nywele. Wade ameanza kuweka sahani nne mezani, na nikimuuliza ya nne ni ya nani, anakasirika. Jana wamekwenda kutazama majani ya vuli. Nilipotoka na koti langu, gari lilikuwa limekwisha kuondoka, na nimeambiwa lilikuwa limejaa. Njoo ujichukue. Nakuomba, njoo kabla sijawa mgeni kwangu."

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Glen tayari anatafuta ndege ya kwenda Ohio, mtu mwema huyu, ingawa haelewi tunakwenda kuchukua nini. Sijamwonyesha mwisho wa barua. Chini kabisa, baada ya jina la Corinne, kwa wino ule ule, kuna neno moja zaidi. Si mwandiko wake. Ni wangu, umelala kushoto kama ninavyoandika tangu shule, na kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Sirudi."