Saba Ikashuka, Sita Ikapandishwa

Saa nne asubuhi, mashua ilipokuwa imebakiza mwendo wa saa moja kuufikia mlango wa mto Poshur, redio ilitangaza kwamba ishara ya dhoruba namba saba ya bandari ya Mongla imeshushwa, na mahali pake imepandishwa namba sita. Hayo tu. Mtangazaji akavuta pumzi, akaendelea na bei ya vitunguu.

Bazlu alipiga makofi. Yeye ndiye msimamizi aliyewekwa na tajiri mwenye mashua.

"Imeshuka! Mzee, geuza chombo. Nyavu nne tumeziacha kule."

"Haijashuka," alijibu Tofazal, mkono wake ukiwa juu ya kana ya usukani.

"Sita si ndogo kuliko saba? Au huko melini mlikuwa mkihesabu kinyumenyume?"

Ainal, fundi wa injini, alicheka hadi akakohoa. Tofazal hakucheka. Kwa miaka thelathini alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, katika meli za mizigo kabla ya kurudi Ghuba ya Bengali kuongoza mashua za wavuvi, na ishara hizo alizihifadhi kwa moyo akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, mbele ya mwalimu asiyesamehe kosa. Tano, sita na saba ni hatari moja, yenye nguvu moja. Tano husema dhoruba itapita mashariki ya bandari. Sita husema itapita magharibi. Saba husema itapita juu yake au jirani yake. Namba hizo ziliwekwa kuwaambia manahodha upande, wala hazikuwekwa kupimia ukali. Lakini ni nani aliyewahi kushuka pwani kumweleza mvuvi? Zilisomwa redioni kama alama za mchezo wa kriketi, na kila mtu akaachiwa kubahatisha maana yake kwa roho yake mwenyewe.

"Sita ni upande, wewe!" alisema. "Inapita magharibi yetu. Sisi tutakuwa mkono wake wa kulia, pale inapopigia kwa nguvu zote na kuisukuma bahari nchi kavu. Njoo uone."

Alimwonyesha ubao wa ndani ya kibanda cha injini. Tangu alfajiri, kila baada ya saa moja, alikuwa akisimama kuukabili upepo, akinyoosha mkono wa kulia na kuurudisha nyuma kidogo. Huko ulikoelekea ndiko lilikokuwa jicho la dhoruba. Kisha alichora mstari kwa mkaa. Alfajiri upepo ulitoka kaskazini mashariki. Sasa ulitoka mashariki kamili.

"Unazunguka kufuata jua. Ungesimama mahali pamoja, ningesema inatujia usoni. Ungerudi kinyume, ningesema inapita mashariki. Huu umekwisha kusema."

"Mkaa wako na redio ya serikali, nisikilize kipi?"

"Redio imesema kweli. Wewe ndiye hukuielewa."

Bazlu alipanda juu ya kibanda kuutafuta mtandao wa simu, akampigia tajiri, akaifungua sauti ili wote wasikie. Sauti ya tajiri ilitoka ikiwa imeshiba na kupumzika. "Imeshuka, nami nimesikia. Mzee mpumzisheni. Mwenye nyavu ni mimi."

Basi mtu aliyekaa kitini mjini, mbele ya chai ya maziwa, akaamua njia ya dhoruba. Bazlu aliishika kana, akageuza chombo. Horipodo, mpishi wa mashua, alimtazama Tofazal kwa huzuni.

"Kaka, tutafanyaje? Bazlu na Ainal wako upande wa tajiri."

"Tutakiweka chombo wima," Tofazal alisema.

Hakupigana, kwa kuwa ugomvi juu ya usukani katika mawimbi yale ungewazamisha kabla ya dhoruba. Mashua ya pili ya tajiri yule yule, iliyokuwa ikiwafuata kuelekea mtoni, ilikuwa na watu saba, nahodha Sobhan akiwamo. Naye alikuwa amepigiwa simu. Walipopishana, Tofazal alipiga kelele na kupunga mikono yote miwili kuelekea mtoni. Sobhan alidhani anasalimiwa. Akapunga naye, akageuza kuelekea kusini.

Walizifikia nyavu saa sita. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na mawimbi marefu yalikuja kutoka kusini bila kukatika. Wavu wa kwanza ulipopandishwa, kamba yake ya maboya ilivutwa chini ya tezi, nyuma ya mashua, ikaingia kwenye rafadha, panga la injini. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Ainal alijifunga kamba kiunoni, akazama na kisu. Aliporudi, kipaji chake cha uso kilikuwa kimepasuka na damu ikimwingia machoni.

"Kamba nimeikata, lakini mhimili umepinda. Injini haina kazi tena."

Bazlu aliuachia usukani kana kwamba umemuunguza. "Mzee... tufanye nini?"

"Sasa nimekuwa mzee wako? Kata nyavu. Zote."

"Tajiri ata..."

"Kata!"

Tofazal alichora mstari mwingine: kusini mashariki. Ndani ya saa mbili upepo ungetoka kusini, na kwa muda mfupi ungewasukuma kuelekea msitu wa mikoko wa pwani. Walisimamisha turubai juu ya miti miwili, wakalifunga kwa kamba za nanga, na mashua ikaanza kukimbia kaskazini ikiwa imeinamisha omo, pua yake. Horipodo na Ainal walichota maji kwa ndoo. Mvua ilipiga mlalo, kama changarawe iliyorushwa na mtu mwenye chuki. Mashua ya Sobhan hawakuiona tena.

Alasiri mikoko ya Sundarban ilitokeza, mstari mweusi chini ya mvua, uliokatwa na mahori, vijito vya maji ya bahari.

"Hori lile pale!" Bazlu alipiga yowe. "Ingia! Mbona unalipita?"

"Lile limefungua mdomo kusini. Baada ya saa moja litakuwa koo la bahari."

"Utatuua!"

"Shika kamba, unyamaze."

Alilipita, kisha la pili, na mawimbi yakaanza kupanda juu ya tezi. La tatu lilikuwa jembamba, lililokunja kona nyuma ya ukuta wa miti. Maji yaliyokuwa yakijaa yaliwabeba ndani, turubai likapasuka vipande viwili, nao wakaifunga mashua kwa kamba sita kwenye miti ya sundari.

"Kamba ndefu!" Tofazal aliamuru. "Iacheni mashua ipande na maji. Mkiifunga kwa kubana, itazamishwa na kamba zake yenyewe."

Kisha upepo wa kusini ukafikia ukali wake wote, na bahari ikaingia msituni. Ilipanda hadi kwenye panda za matawi. Kila ilipopanda, walilegeza kamba. Katika kulegeza huko, mkono wa Bazlu ulibanwa kati ya kamba na shina, na vidole viwili vikakatika. Horipodo alimfunga jeraha kwa kitambaa chake cha begani. Swala mmoja alikuja akiogelea, akaegemeza kidevu chake ubavuni mwa mashua. Hakuna aliyemfukuza.

Kulipopambazuka, mashua ilikuwa imekaa juu ya matope, hatua arobaini kutoka horini. Mtungi wa maji ulikuwa umevunjika. Walikunywa maji ya mvua yaliyobaki katika mikunjo ya turubai, kila mtu mafunda mawili, wakala bisi za mchele na sukari guru. Mkono wa Bazlu ulivimba hadi kiwiko. Horipodo alimwosha jeraha kwa funda lake mwenyewe.

"Usilie, bwana msimamizi. Umebaki na vinane, vinatosha kulia wali."

Bazlu alicheka, kisha akalia kweli. "Mzee, nifundishe kuusoma ule ubao."

Tofazal alimfundisha siku nzima. Siku ya tatu askari wa misitu waliwakuta. Wao ndio waliosema kwamba mashua ya Sobhan haikurudi. Yameokotwa maboya yake tu.

Tofazal aliung'oa ubao kabla ya kuondoka.

Tajiri aliwapokea ghalani Mongla, mbele ya wavuvi wengi. "Mungu amewarudisha," alisema. "Redio ilisema imeshuka, nani wa kulaumiwa? Na nyavu zangu ziko wapi?"

Tofazal aliuweka ubao mezani, juu ya karatasi za tajiri. "Soma."

"Uchafu gani huu? Bazlu, uondoe."

Bazlu alisogea. Alikuwa amekonda, na bendeji ilifika kwenye kiwiko. Hakuuondoa ubao. Aliweka kidole cha mkono mzima kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti, ghala lote likisikia.

"Alfajiri, kaskazini mashariki. Saa nne, mashariki. Hapa palitosha kujua, tajiri. Hapa ndipo mzee alipotueleza, nami nikamdhihaki. Na hapa ndipo nilipokupigia simu, nawe ukaamuru."

Akatoa kipande cha mkaa mfukoni. Kwa mkono wa kushoto, usiozoea kuandika, aliandika kando ya mstari wa saa nne jina la Sobhan, na chini yake majina ya watu wake sita, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Hakuna mvuvi aliyeketi mpaka alipomaliza.