Zamda Akataa Kusemewa

Ukipita Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, asubuhi, cherehani unazisikia kabla hujaziona. Mafundi wa ushirika hukaa barazani. Miguu inakanyaga, midomo inapiga soga.

Zamda alikaa karibu na mlango. Alikuwa mama wa makamo, mkaazi wa Magomeni. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Kushona alikujua tangu usichana. Lakini cherehani haikuwa yake. Ilikuwa mali ya ushirika, na fundi aliyeharibu kazi za watu alinyang'anywa.

Siku moja alikuja Madamu Odile, amekunja uso. Alikuwa mgeni kutoka Brazzaville. Mumewe alipata kazi bandarini. Kiswahili hakujua, alisema Kifaransa. Hamis, baharia wa zamani, ndiye aliyemtafsiria.

Madamu alitupa gauni mezani. Zamda alikuwa amemshonea alivae kwenye ubatizo wa mtoto wake Madamu. Mikono ya gauni ilifika kiganjani. Madamu akapiga kiwiko chake kwa hasira. Alitaka iishie hapo.

"Hamis, si wewe uliyeniambia mikono mirefu?" Zamda aliuliza.

"Mimi? Nilisema mifupi. Masikio yako yamejaa nyuzi, bibie."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Leodegar, mwenyekiti wa ushirika, akatoka ndani. "Basi! Ubatizo umepita, gauni halikuvaliwa. Zamda, mwezi ujao huyu mama ataleta kitambaa kingine. Ukiharibu tena, cherehani utarudisha."

"Sawa, Ndugu Mwenyekiti. Lakini Hamis asinisemee tena. Nitasema na mteja mwenyewe."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Kwa Kifaransa?" Hamis alisema. "Juzi tu umejua kuandika jina lako!"

"Na nimelijua. Cheka mpaka mbavu zikuume. Nitajifunza."

Nyumbani alimweleza mumewe, Mwinyimvua, mchukuzi wa mizigo sokoni.

"Mke wangu," Mwinyimvua alisema, "kila siku wewe ndiye unayetukosoa. Leo unataka kukosolewa?"

"Nataka. Epua sufuria hiyo, mimi naenda kwa Severine."

Severine alipanga chumba cha uani katika nyumba ileile. Alikimbia vita kwao Burundi. Huko alikuwa akifundisha watoto wadogo Kifaransa. Zamda alimkuta anachambua mchele.

"Mwalimu, nifundishe Kifaransa. Si chote. Cha kushonea nguo."

Severine akacheka, lakini si kwa dharau. "Hapo umeanza vizuri. Watu wengi wanataka chote, wanaishia kukosa hata salamu. Lete gauni."

Wakalitandaza kitandani.

"Hii ni la robe. Wanaandika robe, wanatamka rob. Mkono wa gauni ni la manche. Kola ni le col. Mkono wa mtu ni le bras. Kila jina lina ngeli yake. La ni ya kike, le ni ya kiume. Vitu vikiwa vingi, vyote ni les."

"Mkono wa gauni jike, mkono wa mtu dume? Nani kaamua?"

"Nani kaamua tuseme kisu hiki na mti huu? Ulimwuliza mama yako?"

"Sikumwuliza. Nilisema tu."

"Basi na hapa sema tu. Wewe una ngeli chungu nzima kichwani. Utashindwa na mbili? Ila usilichukue neno peke yake. Lichukue na le au la yake, kama sindano na uzi."

Siku nyingine Severine aliandika neno petit ukutani kwa chaki. Zamda akalisoma kwa sauti, "Petiti!"

"Peti. Maana yake ndogo. Herufi ya mwisho mara nyingi haitamkwi."

"Sasa waliiweka ya nini? Mimi nimefundishwa kusoma kila herufi!"

"Ugomvi huo kawapelekee Wafaransa. Sasa sema."

"Peti," Zamda alisema, amenuna.

Alijifunza kwamba nataka ni je veux, na unataka, kwa heshima, ni vous voulez. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno. Kifaransa hubadilisha mkia, na mara nyingine hata tumbo. Mteja huambiwa vous, haambiwi ile tu ya Kifaransa, maana hiyo ni ya mtoto au rafiki.

"Na sasa sentensi kubwa kuliko zote," Severine alisema. "Je ne comprends pas. Sielewi. Ne mbele ya kitendo, pas nyuma yake. Kitendo kinakaa katikati."

"Hiyo ndiyo kubwa? Si watanicheka?"

"Watakucheka. Lakini ukikisia, utaharibu gauni. Chagua."

Tangu hapo Zamda alishona huku akisema. La manche. Le col. Je ne comprends pas. Mafundi walimwita Madamu Magomeni. Aliitika.

Mwezi ulipoisha, Madamu Odile alikuja na kitambaa. Hamis alikwisha simama pembeni, kifua mbele. Zamda akachukua utepe wa kupimia.

"Bonjour, madame. Vous voulez les manches longues ou courtes?" Bonjour ni salamu. Kisha aliuliza kama mikono iwe mirefu au mifupi.

Madamu akatoa macho. "Courtes!" Mifupi. Akaonyesha kiwiko. Halafu furaha ikampanda. Akamwaga maneno mengi, mbiombio, akijishika shingo.

Zamda akashusha utepe.

"Je ne comprends pas, madame."

Kicheko kikalipuka. "Tumejua!" mmoja akapaza sauti.

"Anataka kola kubwa," Hamis alisema.

"Nimekuuliza?" Zamda hakumgeukia. Akarudia kwa sauti ya juu kuliko kicheko, "Je ne comprends pas! Lentement, s'il vous plaît." Polepole, tafadhali. Akampa chaki na karatasi. "Montrez-moi." Nionyeshe.

Madamu akachora shingo ya pembe nne, isiyo na kola.

"Sans col?" Bila kola?

"Oui! Sans col!"

Hakuna aliyecheka tena. Leodegar akamgeukia Hamis.

"Ulielewa, au ulikisia?"

"Alisema haraka mno, Mwenyekiti."

"Kwa nini hukumwambia arudie?"

Hamis akarudi nyuma, akampisha Zamda apime.

Gauni lilipokamilika, Madamu alilivaa palepale barazani na kujigeuza mbele ya kioo. Baadaye alileta wake wa watu wanaofanya kazi na mumewe bandarini. Cherehani ikabaki kwa Zamda.

Leodegar alimwomba Severine afundishe mafundi wote, kila Jumamosi mchana, na ushirika ukamlipa. Siku ya kwanza Hamis naye alikuja, akakaa nyuma kabisa.

"Huyu naye anatafuta nini?" fundi mmoja aliuliza.

"Mwache ajifunze," Zamda alisema. "Njoo mbele, Hamis. Hapa kutojua si kosa. Anayejifanya anajua, huyo ndiye tutakayemtoa nje."