Boksi la Mninga la Rutashobya

Umeme wa Mkuyuni ulikatika saa saba mchana, kama ilivyokuwa desturi mwaka ule wa mgao. Mashine ya kusaga ya jirani ikakoroma, ikafa. Redio zikanyamaza mtaa mzima. Chumbani kwa Odeta, boksi la spika likaendelea kuunguruma.

Odeta alikuwa akipepeta mchele. Akatua ungo, akasikiliza. Mngurumo ulikuwa mdogo, kama wa paka aliyeshiba. Akaenda akaligusa boksi kwa kiganja. Lilikuwa la baridi, tena lina unyevu, na lilinuka matope ya ziwani. Mwenye akili zake angetoka mbio. Odeta alivuta kigoda, akakaa.

Boksi hilo lina asili yake, na asili yake ni ukaidi.

Mumewe, Rutashobya, alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipouzwa, mnunuzi alitaka mashine, hakutaka muziki. Wapigaji wakaambiwa wachukue vyombo waende zao. Rutashobya akapata amplifaya, ile aina yenye spika yake tumboni, akawa anakodiwa kwenye harusi. Mwezi wa nne alivuka kwenda Ukerewe kupiga harusi. Gitaa alikwenda nalo, amplifaya akaiacha kwa fundi kwa sababu spika yake ilikuwa imepasuka. Mtumbwi ukapinduka. Wengine waliokotwa, wazima na wafu. Yeye hata kiatu hakikuonekana.

Ndugu zake wakaja kutoka Bukoba, dada yake Annet akiwa mbele. Kwao, aliyepotelea majini huzikwa kwa mgomba: linakatwa shina, linavishwa sanda, linalazwa jenezani, watu wanalia, mambo yanaisha. Jeneza likachongwa la mninga, la heshima. Odeta akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mimi niliolewa na mtu, wifi. Sitazika ndizi."

"Odeta, jeneza likishachongwa lazima lipate mtu. Halirudi kuwa mbao."

"Basi lala wewe humo."

Annet aliondoka bila kuaga. Jeneza likabaki limeegemea ukuta wa chumbani, Odeta akawa anatundika kanga zake juu yake.

Baada ya miezi miwili akaja Machibya, fundi redio, aliyepiga besi na Rutashobya miaka kumi na mmoja. Alibeba ile amplifaya begani.

"Shemeji, chombo ni kizima. Kibovu ni spika ya ndani, na ya kufanana nayo sijaipata. Ila ninazo mbili kubwa. Zinataka boksi lake la nje. Tunaichomoa ya ndani, tunachomeka boksi kwa nyuma, inapiga kuliko mwanzo. Hata ukiikodisha, wewe na mtoto mtakula."

"Hilo boksi linataka mbao gani?"

"Kavu, nzito. Mninga ukipatikana ndiyo safi kabisa."

Odeta akatazama ukutani. Machibya naye akaliona jeneza.

"Hapana, shemeji."

"Mbao ni mbao."

"Zile si mbao."

"Machibya, wewe ni fundi au ni padri?"

Machibya akalikata jeneza. Kwa yale aliyoyajua alikuwa mwangalifu: alihakikisha ohm za spika, yaani ukinzani wake, zinalingana na zilizoandikwa mgongoni mwa amplifaya, alikataa kutumia waya wa gitaa, akasema ni mwembamba, utaungua, akatengeneza mwingine mnene, na upande wa chini aliacha tundu la duara ili boksi lipumue. Jeki ya mwisho, ile pini ya waya wa boksi, aliichomeka Odeta mwenyewe, maana fundi alikataa kuigusa. Gitaa halikuwapo. Taa ndogo za vioo ndani ya amplifaya zikapata moto taratibu, boksi likaguna, kisha likakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Rutashobya, kile cha asubuhi, cha mvuta sigara.

Machibya aliacha koleo lake sakafuni. Hakulirudia.

Wiki haikuisha boksi likasema.

"Odeta."

"Abee."

"Umekula?"

Hakuuliza wewe ni nani. Mjane mpya ni kama mgonjwa wa homa, ukimkataza maji atayaiba. Alikuwa akitoka sokoni anawasha, anakaa, anasimulia bei ya nyanya na ugomvi wa majirani, na sauti inacheka pale pale ambapo Rutashobya angecheka. Alirudi kujipaka mafuta. Alirudi kuimba akiosha vyombo. Mtoto wao Queen, wa miaka sita, alikuwa akilala kifudifudi mbele ya boksi akichora sakafuni kwa kidole, na Odeta hakujiuliza kwa nini nywele za mtoto hazikauki.

Siku ile ya mgao, boksi likinguruma bila umeme, halikuuliza kama amekula.

"Queen yuko wapi?"

"Yuko bombani na wenzake."

"Mwambie nimeshamtengenezea nafasi."

Odeta akajifanya hakusikia. Kusikia kungemgharimu mume mara ya pili.

Siku ya tatu alirudi kutoka sokoni saa tisa, jua limeiva, mabati yanalia kwa joto, na hatua mbili kabla ya mlango wa chumba akakanyaga ubaridi, ubaridi mtupu kama wa sakafu ya pango, akasukuma mlango akamkuta Queen amelala ubavu, shavu limebanwa kwenye mbao za mninga, mkono wake wa kulia umezama ndani ya lile tundu la duara hadi begani, na boksi linamwimbia polepole kwa sauti ya baba yake.

"Queen. Toa mkono, mama."

"Baba kaushika," mtoto alinong'ona. "Anasema nivute pumzi kubwa."

Odeta akamkumbatia kiuno akavuta. Kule ndani, kitu kikavuta nacho. Hakikuvuta kwa hasira. Kilivuta kama mtu anayejua kwamba muda ni wake. Akaita jina la Mungu, akaita la mama yake, akavuta hadi mtoto akapiga kelele na mkono ukachomoka, umelowa, umekunjamana kama wa mfua nguo, na juu ya kifundo cha mkono alama tano za vidole virefu kuliko vya Rutashobya. Mkono ule haukuwa wa mumewe. Huenda alilijua hilo tangu kile kikohozi cha kwanza.

Jioni hiyo walilala kwa Machibya. Asubuhi Machibya akaenda Kiseke kumleta Teodora, mganga, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na mfuko wa plastiki wa dawa.

"Shikamoo, mama," Odeta akamwamkia chumbani kwake.

"Marahaba." Hakukaa. Alinusa boksi, akafunga mfuko wake. "Hapa hakuna dawa ya kuchemsha. Mumeo amelala ziwani, hana habari na ninyi. Huyu alikuta kitanda kimetandikwa hakina mtu, akaingia."

"Mbona ana sauti yake?"

"Ameitoa kwako. Unaita kutwa, yeye anaitikia kwa ile unayoitaka. Nani alichomeka huu waya?"

Odeta akainua mkono kama mwanafunzi.

"Basi utauchomoa wewe. Uchomoe umeme ukiwa unawaka, si ukiwa umezimwa. Akisema neno, usimjibu. Na ujue hatoki mikono mitupu."

"Mama," Machibya akadakia, "amplifaya ya taa ikiwashwa haina spika inaungua. Ile nguvu inakosa pa kwenda."

"Ndicho ninachotaka. Akose pa kwenda."

Machibya akawasha. Taa za vioo zikaiva. Odeta akapiga magoti nyuma ya boksi, akashika jeki, na sauti ikaja, si kwa vitisho, ikaja kwa upole ule wa mtu anayeamshwa, ikasema Odeta, huku ni giza, ikasema maji yamenifika kidevuni mke wangu na ninakuona ukingoni umesimama, ikamkumbusha mvua ya siku walipohamia nyumba ile na sufuria walizozipanga chini ya mabati yanayovuja, ikalia, na Rutashobya akiwa hai hakuwahi kulia mbele yake, ikasema nishike, nishike tu mkono, usiniue mara mbili, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni, meno yameuma kanga ili mdomo usiseme abee, Odeta akavuta.

Taa zikang'aa nyeupe. Kitu kikapasuka ndani ya amplifaya, moshi ukatoka, chumba kikanuka samaki aliyeungua. Kisha pakawa kimya, na joto la mchana likarudi chumbani.

Mbao zilizikwa siku hiyo hiyo makaburini, Teodora akisimamia. Queen akapona. Nywele zikakauka, alama za vidole zikafifia, akarudi bombani kugombana na wenzake.

Jioni moja, akisukwa, akauliza: "Mama, baba alikuwa ananiitaje?"

"Alikuwa akisema, Kwini malkia wangu."

"Sema kama yeye."

Odeta akafungua mdomo. Maneno yalikuwapo yote. Akatafuta ule uzito wake, ule ukwaruzo wa sigara, akakuta palipokuwa na sauti pamefagiliwa. Akamkumbuka mumewe anaongea pale mlangoni, midomo inacheza, haitoki hata pumzi. Hatoki mikono mitupu, Teodora alisema. Akamwacha mtoto na nywele nusu, akatembea haraka hadi kibandani kwa Machibya.

"Shemeji, niigie Rutashobya. Neno moja tu. Wewe ulipiga muziki naye miaka yote ile."

Machibya akacheka, akaweka chini chuma cha kuchomelea, akakohoa kusafisha koo. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama chini, akajaribu tena, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, shemeji, itakuja."

Odeta akavuta benchi, akakaa kungoja.