Madigadi ya Kushoto

"Mama, njoo uongee na mzee wako. Mimi amenishinda."

Aliyepiga simu ni Kipkurui, fundi wa bodi za magari pale Chepseon. Mimi nilikuwa Ndanai kwa dada yangu Janefer, nachambua mboga za managu.

"Mzee gani? Huu ni mwaka wa sita sina mzee."

"Si ni Nyang'au, baba ya Esnah. Harusi ya Esnah imebakisha wiki tatu na Peugeot yake ndiyo itabeba bibi harusi. Nimemtafutia madigadi safi huko Fort Ternan, haina hata alama. Kufunga ni bolti tu, siku moja. Amekataa. Anataka ninyooshe ile ya zamani, na imeliwa na kutu."

"Sasa mimi inanihusu nini?"

"Si ni wewe uliigonga?"

Nikamkatia simu.

Chepseon nzima inajua niliigonga. Nyang'au alikuwa na homa asubuhi hiyo, nikachukua gari nipeleke majani chai kabla lori la kiwanda halijaondoka. Kwenye mteremko wa kituo cha majani nikakanyaga breki, gari likakimbilia kushoto na kuvaa nguzo ya lango, na madigadi ya kushoto, bati linalofunika gurudumu, ikabonyea kama bonde. Nyang'au akafika na gambuti zake, homa imesahaulika, na mbele ya foleni nzima ya wakulima akasema:

"Mwanamke ni wa kikapu. Usukani mlimpatia wa nini?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni nilikuwa Ndanai.

Kwetu mke akienda kwao na hasira, mume humfuata na wazee, maneno yanaongewa, mnarudi nyumbani. Nilingoja. Hakuja. Nilichosikia ni kwamba anazunguka sokoni na lile bonde kwenye gari, hataki kulitengeneza. Nikajua anatembeza aibu yangu.

Simu ikalia tena. Safari hii ulikuwa ujumbe wa Esnah: *Mum, please enda. Nataka nyinyi wawili kwa gari moja. Msipoongea naenda kanisani na boda, na gauni ni ndefu.*

Mtoto wangu anajua pa kunishika. Kesho yake nilikuwa Chepseon, kwenye gereji ya Kipkurui.

Sikuwa nimejiandaa kuliona lile gari. Peugeot 504, rangi ya maziwa, kiti cha nyuma ndipo alipozaliwa Esnah tukiwa bado njiani kwenda hospitali. Zamani, kwenye baridi ya asubuhi, Nyang'au akipimisha majani, mimi nilikuwa naegemea madigadi ya kushoto kwa sababu ilikuwa na joto la injini. Alikuwa akirudi ananiambia nisogee kidogo, kisha anaegemea na yeye. Hatukuwa tunasema kitu. Nilimpenda sana mtu huyo, siwezi kudanganya.

Sasa Nyang'au alikuwa amekaa juu ya gurudumu, kofia mapajani. Nywele zote nyeupe.

"Umefika, Mama Esnah."

"Nimefika, Nyang'au."

Alisikia hilo jina. Tangu tupate mtoto nilikuwa namwita Baba Esnah tu.

"Kipkurui amekupatia kitu kipya," nikasema. "Mbona unakataa? Unataka nipite kanisani na kosa langu limening'inia hapo mbele?"

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Hiyo ndiyo kitu ya mwisho uliguza kabla uende."

Mwaka mwingine ningelia. Siku hiyo nilichemka.

"Kwa hivyo bati ndiyo ulikuwa unatunza? Mimi nilikuwa Ndanai, si mbinguni. Miaka sita! Mimi si bati, Nyang'au."

Akageuza kofia, akaigeuza tena.

"Kuna ingine," akasema. "Breki ilikuwa inavuta kushoto."

"Breki gani?"

"Siku hiyo. Ilikuwa imeanza mwezi mzima kabla. Mimi nilikuwa nakanyaga mara mbili polepole nikivuta usukani kulia. Nilikuwa nasema ni tabia ya gari. Sikukuambia."

Kipkurui akaacha kupiga nyundo.

"Mzee," akasema, "ile kesho yake si ulikuja nikakutengenezea breki? Ukaniambia nisiambie mtu?"

"Ni hiyo."

Niliona nguzo, niliona foleni ikicheka. Miaka yote hiyo sikugusa usukani wa mtu. Nilikuwa nimekubali mimi ni wa kikapu.

"Ulijua," nikasema. "Ulinitukana ukijua."

"Nilijua."

"Na mbona hukuja?"

"Ningekuja na wazee, ungeniuliza mbele yao gari ilikuwa na nini. Ningejibu nini? Niliogopa. Kila nikiona hiyo bonde najiambia, Nyang'au, wewe ni mwongo. Nikiitoa, nani ataniambia?"

Mvua ya saa nane ikaanza kupiga mabati ya gereji. Nyang'au akasimama.

"Kipkurui, funga ile ya Fort Ternan. Mama hataki kuona hii."

"Ngoja," nikasema. "Nyoosha hiyo ya zamani."

"Kwani nyinyi wawili mnataka nini?" Kipkurui akatupa kitambaa chini. "Huyu akisema nyoosha, huyu badilisha!"

"Nilitaka itupwe kwa sababu ilikuwa aibu yangu. Kumbe si yangu. Hiyo ndiyo nilikuwa naegemea, siitupi. Kata kutu, weka bati, nyoosha. Na wewe," nikamgeukia Nyang'au, "ulinitukana mbele ya watu. Utaniomba msamaha mbele ya watu."

"Wapi?"

"Palepale."

Jumatano foleni kwenye kituo cha majani ilikuwa ndefu. Nyang'au alisimama kando ya mizani, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa lori:

"Siku Mama Esnah aligonga hii nguzo, breki ilikuwa mbovu. Nilijua nikanyamaza. Yeye anaendesha vizuri. Nisamehe, mke wangu Bilhah."

Bosibori, aliyecheka kuliko wote siku ile, akashusha kikapu chake.

"Sisi nasi tulicheka bure. Mama, utusamehe."

Nilisema nimesikia. Kusamehe kulinichukua siku nne zaidi, nikiwa bado kwa Janefer. Siku ya tano nilifunga mzigo wangu, nikarudi nyumbani kwa Nyang'au.

Siku ya harusi madigadi iling'aa. Ukipitisha kiganja unahisi mahali Kipkurui alipochomelea, lakini kwa macho huoni. Esnah alikaa nyuma na gauni lake refu, Nyang'au kushoto na tai iliyopinda, na usukani nilishika mimi.

Tulipoanza kuteremka kuelekea kituo cha majani, nikasikia kitu kinagonga sakafu upande wake. Mara moja. Mara ya pili.

"Baba Esnah, unakanyaga nini?"

Akaangalia mguu wake, akaangalia nje.

"Ni mazoea tu, Mama Esnah."

"Toa mguu. Breki iko huku kwangu."

Esnah akaangua kicheko huko nyuma. Watu walikuwa wamejipanga langoni wakipiga vigelegele, Bosibori akiwa mbele. Nikakanyaga mara moja tu, taratibu, nikapunguza mwendo sawasawa na ile nguzo ili kila mtu aone. Gari likapita limenyooka.