Mwomba Moto wa Nkowe

Siku ya tatu ya likizo, maji yalikataa kuchemka. Moto ulikuwa wa kubanika ng'ombe mzima, miali inalamba ukingo wa sufuria, lakini Sofia alipochovya kidole alikuta maji ya baridi kama yametoka mtungini. Hadithi zangu nyingine huwa nazitia chumvi, sikatai. Hii nimeikuta na chumvi yake.

Mumewe, Ausi, alikuwa fundi umeme katika kambi ya mashamba ya karanga, Nachingwea, mwaka wa hamsini. Mtu wa majivuno. Mimi mwenyewe sina nafuu, ila yeye alizidi. "Jioni nabonyeza kidude kimoja tu," husema, "nyumba arobaini zinawaka!" Lakini kelele za mtambo wa umeme zilimchosha, akajenga kibanda cha nyasi nje kidogo ya Nkowe, kwenye kiwanja cha marehemu mjomba wake, ili yeye, mkewe na binti yao Mwamini wa miezi minane wakaishi siku kumi na nne kizamani. Hakuna taa, hakuna redio. Mtungi wa maji na mafiga matatu basi. Hata kiberiti hakubeba.

Moto wa kwanza waliuomba kwa jirani, Bi Swaumu, mwanamke mganga aliyeishi ng'ambo ya kijito. Aliwauliza majina yao wote, hata la mtoto, ndipo akawawekea makaa kwenye kigae.

"Sikilizeni, wanangu. Huku moto hutolewa asubuhi, kwa mtu mwenye jina. Jua likizama msitoe hata kaa moja. Na nyumba yenye mtoto anyonyaye, ndio kabisa."

Njiani Ausi alicheka hadi kigae kikamtetemeka mkononi. "Bibi bahili huyo! Moto haupungui, mama Mwamini. Ukiugawa, unazaa."

Jioni ile ile ikapigwa hodi. Mwanamke mrefu, kajitanda kaniki hadi machoni.

"Naomba moto."

"Baba Mwamini, bibi alisema..." Sofia alinong'ona.

"Tuonekane wachoyo siku ya kwanza?" Ausi akachota kaa kwa kijiti. Mgeni hakuwa na kigae. Alikinga kiganja kitupu, kaa likatua humo, jekundu, na hakushtuka. Alipoondoka aliacha harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Mikono ya jembe hiyo," Ausi alisema.

Alirudi jioni ya pili, akapewa. Ya tatu pia, akapewa. Ndipo sufuria ikakataa kuchemka, na Sofia alipomwinua Mwamini kumnyonyesha akahisi midomo baridi kwenye titi lake, na vidole baridi, na kisogo baridi kama jiwe la kijitoni, na mtoto macho wazi, halii, hacheki, anatazama mlango tu kana kwamba kuna mtu amemwahidi kitu.

Asubuhi walimkimbilia Bi Swaumu.

"Mmempa makaa mangapi?"

"Matatu, bibi."

"Akipata la nne, kitakachobaki mkekani si mtoto." Akamgeukia Ausi. "Leo akija usimfukuze. Mdai. Mkono uliotoa ndio upokee, mtupu kama wake."

"Si nitaungua?"

"Basi aungue nani?"

Jua lilipogusa vichaka ndege wakanyamaza wote kwa pamoja, harufu ya majivu mabichi ikapenya ukutani, na nyayo zikasikika mchangani zikija polepole, zikasimama, zikazunguka kibanda mara moja, mara mbili, zikikwaruza nyasi kama mtu anayetafuta kwa kucha mahali palipo pembamba, huku Sofia amemkumbatia mwanawe kifuani akimpulizia pumzi zake mwenyewe apate joto.

"Hodi. Naomba moto."

"Ni... nirudishie wangu," Ausi alisema, sauti nyembamba kama uzi.

Kaniki ikatikisika kwa kicheko. "Si ulisema haupungui?"

Akafumbua kiganja. Makaa yalikuwa humo, mekundu bado. Akamdondoshea moja, nyama ikalia. Akamdondoshea la pili, na Ausi akapiga kelele iliyofika ng'ambo ya kijito, lakini mkono hakuuondoa.

"Na la tatu!"

"Hilo nimeshalipikia."

Akaenda zake, na mchangani hapakuonekana unyayo hata mmoja. Mwamini akalia, akapata joto mwili mzima. Isipokuwa mguu wa kushoto.

Alfajiri walifunga mizigo, wakatembea hadi Ruangwa, wakadandia lori la Nachingwea. Ausi, mkono umefungwa vitambaa, aliapa kwamba kizamani ndiyo basi tena. Jioni alibonyeza kidude chake. Nyumba thelathini na tisa zikawaka nyeupe. Ya kwake taa ikawa nyekundu, nyekundu tu, kama kaa.

Alipoingia ndani tu, nje mtu akasema, "Hodi. Naomba moto."

Ausi akamziba mkewe mdomo, akauziba na wake kwa ule mkono uliofungwa.

Ndipo mkekani Mwamini, ambaye hata kusema mama alikuwa hajajua, akaitika waziwazi:

"Karibu."